Re: Niko kwa mashine ya figo, nguvu za kiume zimeisha

Kaka pole sana, umesema miezi nane sasa unasafishwa damu kwa mashine hospitali ya Kiruddu, Kampala, mara mbili kwa wiki na kitandani hakuna kitu, mke ameanza kudhani uko na mwingine. Hata mimi nilipitia hiyo, wengi wetu pale kwa mashine tuko hivyo ila hakuna anayesema. Si uchawi. Figo zikifa damu inapungua, homoni ya kiume inashuka, prolaktini (homoni ya maziwa) inapanda, ukiwa na sukari mishipa nayo inaharibika, halafu kuna mawazo.

Kwanza mwambie daktari wa figo, usione haya, aangalie damu na hizo homoni. Mpelekee dawa zako zote za presha, maana zingine kama atenolol zinaweza kuchangia, lakini usiache mwenyewe ee, presha itakuua kabla ya hiyo aibu. Mimi alinibadilishia moja tu nikaona tofauti.

Sildenafil (ile Viagra, dawa ya kusimamisha) inasaidia wengi, ila mtu wa figo huanzishiwa kidogo, miligramu 25, na siku ya mashine uliza kwanza kwa sababu presha inashuka. Kama unatumia dawa ya moyo ya kuweka chini ya ulimi, sildenafil usiiguse kabisa! Na mulondo (ule mzizi wa nguvu za kiume) na zile chupa za dawa za kienyeji za kule taxi park achana nazo, hujui zina nini na figo haziwezi kutoa.

Mke nenda naye kliniki asikie mwenyewe. Ukimeza sildenafil uume ukasimama zaidi ya masaa 4 au kifua kikauma, kimbia hospitali.