Gesi ya AC ya gari inakwenda wapi?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Naishi Makambako, nina Toyota Premio ya mwaka 2004. Huku kwetu kuanzia Mei hadi Agosti ni baridi, AC siigusi kabisa. Kila Desemba nikishuka Dar inapuliza hewa ya vuguvugu. Naongezewa gesi, inakuwa baridi kama wiki tatu, kisha tunarudi palepale. Tena hata ikiwa na gesi, kwenye foleni hainipi baridi mpaka gari litembee. Nimeambiwa kompresa imekufa. Ninunue nyingine? Na ni kweli natakiwa kuizima nikipanda mlima wa Kitonga?

JIBU: Salama, ndugu yangu. Kompresa usinunue kwanza. Iliyokufa haiwezi kukupa baridi wiki tatu. Iliyochoka, ndiyo, nayo huzidiwa kwenye foleni, lakini hiyo inapimwa mwisho, yakishaondolewa mengine. Kwa maelezo yako naona matatizo mawili: gesi inavuja, na kondensa haipati hewa.

Gesi ya AC si petroli, haichomwi wala hailiwi. Inazunguka ndani ya mfumo uliofungwa: kompresa inaisukuma, kondensa iliyo mbele ya rejeta inatoa joto lake nje, evapoleta iliyo nyuma ya dashibodi inanyonya joto la ndani ya gari, na mzunguko unaanza upya. Kidogo sana hupenya kwenye hosi za mpira, tena kwa miaka. Ikiisha kwa wiki tatu, kuna mahali inapotokea. Anayekuongezea bila kutafuta mahali hapo anakuuzia wiki tatu nyingine.

Na mahali penyewe huenda panatokana na hiyo miezi yenu ya baridi. Oili ya kompresa husafiri pamoja na gesi. AC isipowashwa miezi minne, oili inatulia chini na sili ya shafti, ile iliyo nyuma ya puli, inakauka. Siku unayobonyeza kitufe Desemba, shafti inazunguka kwenye mpira mkavu. Kwa hiyo hata Julai, na sweta lako, iwashe dakika kumi kila wiki injini ikiwa ya moto. Si lazima utetemeke: weka kitufe cha joto kwenye nyekundu. Evapoleta inakausha hewa, hita inaipasha, na ukungu wa kioo cha mbele unaondoka haraka kuliko kwa kitambaa. Magari mengi huwasha kompresa yenyewe ukichagua alama ya kioo cha mbele. Wengi mnaitumia AC bila kujua.

Kulitafuta tundu, fungua boneti mchana kweupe. Gesi haionekani, ila inapotoka hutoka na oili, na oili hukamata vumbi. Tazama maungio ya paipu, pande zote za kondensa, kisha kompresa. Sili ya shafti ikivuja, puli hurusha oili, na utaona mstari mweusi upande wa chini wa boneti, juu kabisa ya puli. Ukiona mstari huo, sili inabadilishwa na kompresa inabaki. Usipoona kitu, fundi ajaze naitrojeni kavu na apake povu la sabuni kila ungio. Asitumie hewa ya kujazia matairi. Ina unyevu, na maji ndani ya mfumo huo hugeuka barafu kwenye valvu na asidi kwenye oili. Dawa za kopo za kuziba matundu mimi sizitaki gerejini kwangu. Huziba na visivyotakiwa kuzibwa.

Tundu likishazibwa, mfumo unavutwa hewa kwa pampu angalau nusu saa, pampu inafungwa, na geji ya presha inaangaliwa kama sindano inarudi juu. Mfumo ukiwa umekaa wazi, draya, ile inayonyonya unyevu, nayo ibadilishwe. Ndipo gesi inaingia, kwa mizani. Hapa ndipo pesa za wateja wengi hupotelea. Premio yako inatumia gesi aina ya R134a. Injini ikiwa imezimwa na joto la nje ni nyuzi 30, geji itasoma presha ya karibu psi 97 iwe ndani mna nusu ya gesi inayotakiwa au yote, mradi sehemu yake bado ni kimiminika. Kwa hiyo fundi anayechomeka geji gari limezimwa na kusema "gesi ipo ya kutosha" hajapima chochote. Gari likiwaka geji inasaidia zaidi, lakini kiasi sahihi ni gramu zilizoandikwa kwenye stika chini ya boneti. Kijapani kisikutishe, tarakimu zinasomeka. Ikizidi ni mbaya kama ikipungua: presha inapanda, baridi inapotea, kompresa inaumia.

Na uulize ni gesi gani inayowekwa. Wapo wanaojaza gesi ya kupikia, na ni kweli inapoza. Evapoleta ikivuja, gesi hiyo inaingia ulipokaa wewe na watoto.

Sasa foleni. Gari likitembea, upepo wa barabarani unapita kwenye kondensa. Likisimama, kazi hiyo ni ya feni. Washa AC gari limesimama, shika kipande cha gazeti mbele ya grili: kinatakiwa kinyonywe na kushikiliwa pale. Kikianguka, feni haizunguki au inazunguka kivivu, na mara nyingi ni mota iliyochoka, relei au fyuzi. Kikishika vizuri, mwagia kondensa maji taratibu huku msaidizi ameweka mkono kwenye tundu la hewa. Baridi ikija ghafla, kondensa ndiyo inayoshindwa kutoa joto. Imejaa vumbi, wadudu na manyoya, au mapezi yake, vile vibati vyembamba vya kutolea joto, yamelala. Na anayeyalaza ni kijana wa kuoshea magari mwenye mashine ya presha, akidhani anakusaidia. Mwambie aweke maji ya mpira wa kawaida tu. Kama gari linakaa sana karibu na bahari, lisafishwe mara kwa mara kwa maji yasiyo na chumvi. Chumvi inakula alumini.

Feni nzima, kondensa safi, gesi kwa gramu, na foleni bado joto? Hapo ndipo fundi asome geji mbili gari likiwa limewashwa. Upande wa presha ndogo ukibaki juu na wa presha kubwa ukikataa kupanda, kompresa imechoka, tutafute nyingine.

Hukuuliza, ila badilisha filta ya ndani, iko nyuma ya droo ya dashibodi. Ikiziba, upepo unakuwa mdogo na watu wanalaumu gesi.

Kuhusu Kitonga: gari lisilo na hitilafu halihitaji uzime AC. Ukikanyaga mafuta mpaka chini, kompyuta ya magari mengi hukata kompresa yenyewe kwa muda, ndiyo maana mlimani wakati mwingine unahisi hewa imebadilika halafu inarudi. Macho yako yawe kwenye geji ya joto la injini. Ikianza kupanda kupita kawaida yake, zima AC, fungua vioo, weka hita mpaka mwisho, na ikiendelea kupanda egesha pembeni. Injini isiyoweza kupanda Kitonga na AC ina shida kwenye rejeta, feni au maji yake, na kwa kuwa feni yako tayari naishuku, anza na hiyo kabla ya safari ya kurudi.