Kufundisha watoto mpira Durban, nawajibu vijana wa Pemba mulioniuliza

Asalaam alaykum. Niko nyumbani Wete wiki ya pili sasa na kila nikikaa barazani au nikipita kiwanjani suali ni lile lile. Alieniuliza kwa urefu ni kijana mmoja wa Chake, kasema kaka mie nafundisha watoto mpira mtaani kwetu, nimeona kuna watu wanachukua makocha wa kujitolea Afrika Kusini kwenye mitaa ya maskini, wanataka nilipe dola 1,500 wao wanipe pa kulala na chakula wiki nne, je nimwambie mama tuuze ng'ombe? Na nikishafika si ntapata kazi huko huko? Bas namjibu yeye na nyote, na ntasema vile nilivyoyaona hata kama hamutoyapenda.

Ng'ombe asiuzwe. Hilo mwanzo.

Mie nlikwenda Durban 2016 na sikwendea mpira. Nlikwendea kazi, nachomelea mageti na grili za madirisha, kule kila nyumba ina grili kwa hiyo kazi ipo, na hiyo ndo inanilisha mpaka leo. Mpira nauendea Jumanne na Alkhamis baada ya kazi na Jumamosi asubuhi, kiwanja kipo Cato Manor, mtaa wa hapo Durban, juu ya mteremko, chini yake vibanda vya mabati vimebanana mpaka mtoni, wenyewe wanaita mijondolo. Silipwi hata senti. Nauli yangu, filimbi yangu, koni nlinunua mwenyewe. Nayasema haya ili mufahamu kwamba ningekuwa sina kazi nisingeweza hata mwezi mmoja, kwa sababu mwenye njaa hawezi kujitolea, ataanza kuangalia mfuko wa timu.

Nlianza kwenye kikundi kimoja, jina lake naliacha, kilikuwa kinaleta wageni kutoka Ulaya na Marekani wiki tatu, wiki nne, kila mmoja kalipa pesa nyingi kama hizo unazoambiwa wewe, na watoto zaidi ya thelathini wakagombania mipira miwili na mmoja umepasuka. Siku yangu ya kwanza akanijia mtoto wa miaka kama tisa, kavaa kiatu kimoja tu mguu wa kulia maana ndo anaopigia, akaniuliza "Uhamba nini?" Sasa Kizulu ukikisikiliza kwa sikio la Kiswahili unajiona umekifahamu, maji ni amanzi, nyama ni inyama, watoto ni abantwana, mie nikadhani ananiuliza habari ya kitu fulani nikawa nacheka naye tu. Kijana mwenzangu wa pale ndo akanambia, hiyo nini yao ni lini yetu. Mtoto anauliza unaondoka lini. Hajaniuliza jina, hajaniuliza natoka wapi, kauliza hilo tu, kwa sababu keshazoea, watu wanakuja na fulana za rangi moja, wanajifunza majina ya watoto, wanapiga picha, siku ya kuagana wanalia wote, halafu basi, hawaonekani tena, na mwezi unaofuata wanakuja wengine wanaanza upya kuwauliza majina. Nlirudi chumbani usiku ule sikulala vizuri. Yule sasa ni mkubwa, ananisaidia na wadogo, na mpaka leo sijampa tarehe.

Kwa hiyo ukiniuliza wiki nne zinatosha kusaidia watoto, nakwambia hazitoshi, na zinaweza kuwaumiza. Mtoto ambae baba hayupo na mama anatoka alfajiri kwenda kufanya kazi za ndani nyumba za watu, ukimzoesha halafu ukamwacha umemuongezea mtu mwengine kwenye orodha ya waliomwacha.

Jambo jengine hutolisikia kwa hao wanaokutumia fomu. Siku za skuli watoto wa skuli za maskini wanapewa chakula na serikali, lakini Jumamosi skuli imefungwa. Mie nlikuwa nawakimbiza Jumamosi asubuhi nikashangaa mbona wale wale wa Alkhamis leo wanakaa chini, wanashika tumbo, wanagombana ovyo, nikawa nawakemea kwa uvivu na hilo linaniuma mpaka leo. Walikuwa hawajala tangu mchana wa jana yake. Tukabadilisha, Jumamosi mkate na siagi ya karanga kwanza, mpira baadae.

Na mkate huo unatoka wapi? Hapa niwape habari ambayo wengi hapa kwetu hawana. Durban kuna watu wanaitwa Wazanzibari, wapo Chatsworth miaka mingi, Waislamu. Babu zao wengi ni Wamakua, watu wa kaskazini ya Msumbiji, waliokamatwa utumwani, manowari za Waingereza zikawatoa majahazini, wakashushwa Durban kuanzia 1873, mwaka ule ule soko la watumwa pale Unguja lilipofungwa, na baadae serikali ya ubaguzi ikawatoa walipokuwa wanakaa ikawapeleka Chatsworth. Ijumaa moja nlisali kule, mzee akasikia natoka Pemba akanishika mkono hakuniachia mpaka tumetoka nje, akawa anataja maneno ya kwao nami namtajia ya kwetu. Nikamwelezea watoto wangu wa Jumamosi. Wiki ilofuata zikaja mikate ishirini, na hazijakatika.

Karatasi sasa. Mtanzania unaingia Afrika Kusini bila viza siku 90 lakini hizo ni za kutembea, kujitolea kuna viza yake na unaiomba ubalozini Dar kabla hujatoka, na viza hiyo haikupi ruhusa ya kazi ya mshahara, kwa hiyo anaekwambia njoo ujitolee halafu utajipenyeza kazini anakupeleka kwenye kukamatwa. Halafu kuna fomu namba 30, inaangaliwa kama jina lako limo kwenye daftari la waliodhuru watoto, na barua ya polisi kutoka kwenu. Wakala wako kakuuliza lolote katika hayo? Kama hajakuuliza, na anakukabidhi watoto wa watu, mkimbie, awe wa bei rahisi awe wa bure.

Na bakora hakuna. Skuli za kule zimepigwa marufuku kuchapa tangu 1996, na kwenye timu ni hivyo hivyo. Mie nimelelewa kwa bakora chuo cha Kurani na skuli na kiwanjani pia, ilinichukua muda kujua kumsimamisha mtoto kwa sauti na kwa kumngojea.

Hofu ipo sikufichi. Juni na Julai jua linazama saa 11 na dakika chache jioni, tunafunga mazoezi mapema kila mtoto afike kwao kabla ya kiza. Wageni walishambuliwa Durban 2015, mwaka mmoja kabla sijafika, na 2025 makundi ya watu yakawa yanasimama milangoni mwa zahanati za serikali kuzuia wageni wasitibiwe. Mzazi mmoja aliwahi kunambia mbele ya watoto kwani makocha wa kwetu wamekwisha? Sikumjibu. Mafuriko ya Aprili 2022, yale yaliouwa zaidi ya watu 400, mtoto wake alikuwa miongoni mwa tuliowapeleka ukumbini kulala, nikakaa nao siku tano, na tangu hapo ananisalimia yeye kwanza.

Kwa hiyo mdogo wangu wa Chake, ukitaka kuja, njoo kwa viza sahihi, uwe na pesa yako ya kula, ukae mwaka, na ujifunze Kizulu kabla. Kama huwezi sasa hivi si aibu. Hao watoto ishirini ulonao hapo Chake wanakujua jina, na nliwaona Ijumaa, yule golikipa wako mwenye mkono mrefu anahitaji mtu wa kumfundisha kutoka golini, anaganda kwenye mstari kila krosi.

Nimekuja na mipira minne na bibu, zile fulana za mazoezi za kutenganisha timu, za rangi mbili. Jumapili alasiri baada ya sala ntakuwa kiwanjani kwenu. Njoo na hiyo fomu ya wakala tuisome pamoja, na mwambie mama nae aje kama anataka kusikia.