Haikuwa malaria, daftari la dagaa ndo lilinifungua macho

Swali lenu la wiki hii linasema "Wewe msomaji uliye kwenye miaka ya kukaribia kukoma hedhi, dalili zake unakabiliana nazo vipi na matibabu uliyapata wapi?" Nimelisomea hapahapa Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, nimekaa juu ya gunia nasubiria mzigo wa visiwani ushushwe, nikaona nijibu kwa urefu, maana mngeniuliza miaka mitatu iliyopita ningewaambia natumia dawa za malaria na ningekuwa nimekosea kabisa. Mwaka mmoja na miezi kama mitano nilitibiwa malaria ambayo sikuwa nayo.

Nina miaka 49, watoto wanne, mjukuu mmoja, nauza dagaa kwa jumla. Ilianza nikiwa na 46. Usiku saa nane nashtuka moto unapanda kutoka kifuani unakuja shingoni hadi usoni, moyo unadunda kama nimekimbia, jasho linalowesha gauni na shuka, alafu baada ya dakika chache baridi inaingia natetemeka. Sasa niambieni, mtu wa Mwanza akitoka jasho usiku akatetemeka atawaza nini kama sio malaria? Nikaenda zahanati ya mtaani, nikapewa dawa ya mseto. Nikamaliza dozi, moto ukarudi. Nikaenda tena, kipimo kikasoma sina malaria lakini nikapewa dawa hivohivo. Mara ya tatu nikaambiwa ni taifodi, kipimo chenyewe ni kile cha Widal ambacho baadae nimekuja kuelezwa kinaweza kusoma una taifodi wakati huna, nikachomwa sindano siku tano. Mara ya nne nikaambiwa UTI sugu. Mimi sio mtu wa kulalamika nikidungwa sindano, ila nilikuwa naumia rohoni maana kila nikitoka na dawa mpya najipa moyo safari hii nitapona, alafu usiku saa nane ileile nipo macho nasikiliza mbwa.

Na kukosa usingizi kunazaa mambo mengine. Kichwa kikawa na ukungu, ule wa ziwani asubuhi unaoona lile jiwe la Bismarck Rock kama kivuli tu, ndo ulikuwa kichwani mwangu mchana kutwa. Nikamkopesha mteja wa Kongo magunia mawili nisiandike, na hadi leo simkumbuki ni yupi. Hasira za ghafla kwa watoto, alafu nalia chooni. Magoti na vidole vinauma asubuhi. Watu wakaanza kusema. Mmoja akaniambia ni mkono wa mtu, biashara yangu imeonewa kijicho, mwingine akanipeleka kwenye maombi, nilienda na sijutii kuombewa maana nilipata faraja, ila moto haukuacha kupanda.

Kilichonitisha ni damu. Hedhi yangu ilikuwa siku nne, ya kiasi, haina makuu. Ikawa inaruka miezi miwili, alafu ikija inakuja siku tisa, mabonge, nabadilisha pedi kila saa na nimevaa vitenge viwili vyeusi. Siku moja nipo nahesabu magunia na mpakiaji nikaona giza, nikashika ubao wa chombo, wenzangu wakanidaka wakanikalisha. Mama mmoja mkubwa tunayemwita Mayu, anayepepeta dagaa pale miaka mingi, akanipa maji ya chumvi na sukari akaniuliza taratibu, "Mwanangu, mwezi wako unaujua ulipo?" Nikamwambia siujui tena, akasema basi uanzie hapo kabla hujanunua dawa nyingine.

Nyumbani nikachukua daftari. Hapa inabidi niwaeleze wasiojua kazi yetu. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, taa ikiwaka samaki wanaifuata. Mbalamwezi ikiwa kubwa taa haifui dafu, kwa hiyo wavuvi wanapumzika kama wiki hivi na zaidi na sisi tunakosa mzigo. Daftari langu lote limepangwa giza, mbalamwezi, giza, mbalamwezi. Na mimi tangu nianze biashara nilikuwa najua hedhi yangu inaangukia mbalamwezi, nikaona kama baraka maana napumzika na wavuvi, na huwa naweka nukta ndogo nyekundu pembeni. Nikafungua miaka miwili nyuma. Miezi ya mwanzo nukta zimekaa palepale. Alafu zinaanza kusogea, moja iko kwenye giza, inayofuata haipo kabisa, alafu zimefuatana mbili ndani ya wiki tatu. Na zile siku nilizoandika "nimeenda zahanati" zimeanza palepale nukta zilipoanza kuhama. Nilikaa kitandani na lile daftari kama saa nzima.

Nikalibeba nikaenda nalo hospitali kubwa kwa daktari wa akina mama, kijana tu umri wa mwanangu wa kwanza, akaniamkia shikamoo mama, akasoma kurasa zote. Hakuna aliyewahi kuniuliza yale maswali yake. Una miaka mingapi, hedhi ya mwisho lini, pedi ngapi kwa siku, unatokwa na damu baada ya tendo la ndoa, mimba umepima? Nikashangaa la mimba, akasema mama usishangae, hadi miezi 12 ipite mfululizo bila hedhi mwanamke bado anaweza kushika mimba. Alafu akaniuliza nimekulia wapi. Nikamwambia Kwimba, kwenye malambo na majaruba ya mpunga, tumechota, tumefua, tumeoga humo. Akasema ndo maana nauliza, kile kichocho cha mkojo konokono wake wanakaa kwenye maji kama hayo, na kwa wanawake mayai yake yanaweza kujificha kwenye mlango wa kizazi na ukeni miaka na miaka yakaleta damu na maumivu, watu wakadhani ni zinaa au ni mambo ya umri. Akanipa prazikwanteli, dawa ya kichocho. Nalitaja hili kwa herufi kubwa moyoni mwangu maana wanawake wa kanda hii wengi tumekulia humohumo.

Vipimo vilikuwa vya mkojo, mimba, sukari, VVU, tezi ya shingo maana nayo ikizidi kufanya kazi inaleta jasho na moyo kwenda mbio, ultrasaundi kuangalia uvimbe kwenye kizazi, uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi ule wa kupaka siki, na kwa sababu nimeshavuka 45 na damu ni nyingi akachukua kinyama kidogo kutoka kwenye ukuta wa kizazi kipimwe. Kinauma kama chango kali la dakika chache, sitawadanganya. Majibu yalikuwa salama, uvimbe mmoja mdogo ambao hausumbui. Ila wingi wa damu ulikuwa 7.4, wakati mwanamke asiye na mimba anatakiwa 12 na kuendelea, chini ya 8 wanahesabu ni upungufu mkali. Kumbe kile kizunguzungu chote na kuhema nikipanda kilima cha nyumbani ni damu.

Kabla ya hapo nilikuwa nimeshalipia maabara ya binafsi kipimo cha homoni, hela ya gunia zima, wakaniambia homoni ziko kawaida kwa hiyo sio kukoma hedhi. Nikamwonyesha ile karatasi. Akanieleza kwamba kwenye kipindi hiki cha mpito ovari hazizimi kama unavyozima taa, zinawaka na kufifia, leo estrojeni, ile homoni ya kike, iko juu wiki ijayo imeshuka, na huko kupanda na kushuka ndo kunavuruga ile sehemu ya ubongo inayopima joto la mwili, ikidhani umezidi joto inafungua jasho. Kwa hiyo kipimo cha siku moja hakisemi kitu, kwa mwanamke aliyevuka 45 dalili zake na mpangilio wa hedhi vinatosha kujua. Wengi wanakoma kati ya miaka 45 na 55 na mpito wenyewe unaweza kuchukua miaka kadhaa.

Tulianza na damu. Vidonge vya madini chuma miezi mitatu, nimeze na maji ya limao au chungwa na sio chai maana chai inazuia chuma kuingia, na vidonge vya asidi ya traneksamiki vya kupunguza damu kwa zile siku za damu nyingi tu. Miezi mitatu baadae nilikuwa 11.2 na nilipanda kilima naongea na simu. Alafu ndo tukaja kwenye moto wa usiku, akaniambia kuna tiba ya homoni.

Nikakataa. Nilishasikia zinaleta saratani. Hakunicheka, akavuta kiti. Akasema hofu hii imetoka mbali, mwaka 2002 utafiti mkubwa wa Marekani ulisimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu waliokuwa wanameza homoni mbili, estrojeni na ya aina ya projesteroni, walionekana kupata saratani ya matiti zaidi kidogo, kama wanawake 8 wa ziada katika kila 10,000 kwa mwaka, na damu kuganda. Ila wale wanawake wastani wa umri wao ulikuwa miaka 63, wengi walishakoma siku nyingi. Kwa mwenye chini ya miaka 60, au ambaye hajapitisha miaka 10 tangu akome, mwenye dalili za kumtesa na asiye na vizuizi, faida huwa kubwa kuliko hatari. Vizuizi alivitaja kimoja kimoja, saratani ya matiti, damu iliyowahi kuganda, kiharusi, ugonjwa wa moyo, ini, damu ya ukeni ambayo haijajulikana chanzo. Na mwenye kizazi hapewi estrojeni peke yake, lazima iambatane na projesteroni kulinda ukuta wa kizazi. Nilirudi nyumbani nikalala nalo wiki mbili, nikaongea na mume wangu, ndo nikakubali. Dawa yenyewe ilinisumbua kuipata, maduka manne ya dawa mjini hawana, mwisho ikatumwa na basi kutoka Dar.

Ndani ya wiki tano hivi nililala hadi alfajiri. Niliamka nikagusa shuka, kavu. Nilimwamsha mume wangu aguse.

Sisemi kila mtu ameze homoni. Wifi yangu alitibiwa saratani ya titi, yeye haruhusiwi, na moto wake ni mkali kuliko wangu. Yeye amepewa dozi ndogo ya dawa ambayo kwa kawaida inatumika kwa sonona na inapunguza lile joto, na akaonywa asijinunulie yoyote ya kundi hilo dukani maana baadhi zinapunguza nguvu ya dawa yake ya saratani. Anaendelea vizuri, sio kwa asilimia mia lakini analala.

La ndoa nalo niliseme japo naona haya. Kulikuwa na ukavu na maumivu, nikawa namkwepa mwenzangu, naye akadhani nimemchoka, tukawa tunalala tumepeana migongo miezi. Hatukuwa na maneno ya kuambiana. Siku ya kumwambia daktari niliangalia sakafuni, kumbe ni tatizo la kawaida na lina dawa yake, kuna kilainishi cha maji cha kununua tu na kuna krimu ya estrojeni ya kuweka ukeni. Nikaenda na mume wangu kliniki iliyofuata, akasikia kwa masikio yake, njiani tukishuka akasema "pole mke wangu, sikujua". Na kondomu tunatumia, maana hizi homoni sio za kuzuia mimba.

Dada zangu, mkiingia kwa mtoa dawa anzeni na umri wenu na tarehe ya hedhi ya mwisho hata kama hamjaulizwa, msianze na "nina homa za usiku" kama mimi. Mkipimwa malaria ikasoma hamna, msikubali dawa ya malaria. Mkijaza pedi kila saa, au damu ikirudi baada ya mwaka mzima wa kukaa bila, nendeni hospitali siku hiyohiyo. Na hawa wanaotuma kwenye magrupu ya WhatsApp dawa za kubalansi homoni na za kusafisha kizazi, mimi nilinunua chupa mbili, haina jina la kilichomo wala dozi, kizazi hakihitaji kusafishwa. Dagaa nawahimiza mle, sio kwa sababu nawauza, wanaliwa na mifupa yao na ile mifupa ni madini ya kalisi ambayo tunaihitaji sana estrojeni ikishuka maana mifupa yetu inaanza kupungua nguvu.

Projesteroni nameza siku 12 kila mwezi, na ikiisha inakuja damu kidogo ya siku tatu nne. Kliniki ya mwisho nilimuuliza daktari kama naweza kuipanga ile damu iangukie mbalamwezi, akacheka vizuri akasema hakuna shida, mradi siku 12 zitimie na mwezi usipite bila kumeza. Basi nukta nyekundu zimerudi pembeni ya ukurasa kule zilikokuwa zamani. Leo ni giza, mzigo umefika, wapakiaji wananiita.