Jibu: 2019 mvua ile ilitoka wapi bila El Nino kali?

Mkuu, umeuliza vuli ya 2019 ilitulemea vipi huku Moshi wakati hakukuwa na El Nino ya maana, yaani maji ya Bahari ya Pasifiki kupata joto kupita kawaida. Usiitazame Pasifiki peke yake. Tazama Bahari ya Hindi.

Maji ya upande wetu yakipata joto kupita kawaida, na yale ya karibu na Sumatra, kisiwa cha Indonesia, yakapoa, pepo za juu ya bahari hubadilika na unyevu unasukumwa huku Afrika Mashariki. 2019 tofauti hiyo ilikuwa kubwa mno. 1997 tofauti kama hiyo ilikutana na El Nino kali, na mvua yake wazee hawajaisahau. Lakini 2015 El Nino ilikuwa kali vilevile, ila Bahari ya Hindi haikuitikia kwa nguvu ile, na mvua haikufikia ya 1997.

Kinyume chake ni 2022: La Nina (maji ya Pasifiki kupoa, kinyume cha El Nino) mwaka wa tatu mfululizo, na Bahari ya Hindi nayo imegeuka, joto likawa upande wa Sumatra. Nina jaruba la mpunga Chekereni, huku huku Moshi. Novemba ile udongo ulipasuka nyufa za kuingiza kidole, na zamu ya maji ya mfereji tulikesha tukiigombania.

Ila angalia, haya ni ya vuli zaidi. Masika hayafuati bahari hizi kwa uaminifu huo, kwa hiyo usipange mpunga wa Machi kwa habari za El Nino. Kwa vuli, subiri utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, kisha ndiyo ununue mbegu.