Chagua ufunguzi ambao kasoro yake unaijua

Vijana wanaoingia klabuni kujifunza sataranji hawakawii kuniuliza: "Kocha, nisome ufunguzi upi?" Ufunguzi ni zile hatua za mwanzo za mchezo. Mimi nami huwauliza: huu unaoucheza sasa una ubaya gani? Wengi hukwama hapo. Anaweza kukutajia hatua kumi na nane alizokariri kwenye simu, tena bila kubabaika, lakini ubaya hajawahi kuufikiria. Kwa maoni yangu, asiyejua ubaya wa ufunguzi wake bado hajaujua ufunguzi wenyewe. Fikra hii sikuitoa kichwani mwangu. Niliipata kwa kufuatilia michezo ya Evgeny Sveshnikov, mchezaji wa Kisovyeti, na kwa kuucheza ufunguzi wake miaka mingi, nikipigwa na kupiga.

Sveshnikov alizaliwa mwaka 1950 huko Chelyabinsk, mji wa viwanda kwenye milima ya Ural, mbali na Moscow. Akawa grandmasta, cheo cha juu cha wachezaji, mwaka 1977. Hakuwahi kuwa bingwa wa dunia wala hakukaribia, na katika Umoja wa Kisovyeti wa wakati ule walikuwapo wachezaji kadhaa waliokuwa wakali kumzidi. Lakini leo ukimtajia jina lake mchezaji wa Nairobi, wa Mumbai au wa Buenos Aires, atajua unazungumzia nini hata kama hajawahi kuona mchezo wake hata mmoja. Jina limebebwa na hatua moja ya askari.

Hatua yenyewe ni hii. Ni Sisiliani, ufunguzi wa mwenye nyeusi: nyeupe e4, nyeusi c5 (herufi ni mstari wa wima wa ubao, namba ni safu ya mlalo). Farasi wanatoka, mwenye nyeupe anasukuma d4, askari wanalana, farasi wa nyeupe anakaa d4, na farasi wa pili wa kila upande anatoka. Sasa ni zamu ya nyeusi, hatua ya tano. Anasukuma askari wake e5.

Weka ubao mezani uitazame. Askari wa e5 amemfukuza farasi wa d4, sawa. Lakini askari wa c ameshaondoka, na askari wa e amepita. Mraba wa d5 sasa hauna askari wa kuulinda, na hatapatikana tena hadi mchezo uishe. Askari wa d amebaki nyuma, na kwenye mstari wake mbele yake hakuna askari wa nyeupe wa kumkinga. Farasi wa nyeupe anaruka b5, anatishia kuingia d6, na inabidi nyeusi asogeze d6 kumzuia. Mwalimu yeyote wa sataranji akiona mwanafunzi amecheza hivi atampokonya kalamu. Hapo zamani bingwa wa dunia Emanuel Lasker aliicheza e5 hii dhidi ya Schlechter mwaka 1910, na baadaye Jorge Pelikan wa Argentina akaitumia, lakini wataalamu wengi waliichukulia kuwa ni kujitoboa mwenyewe.

Sveshnikov na mwenzake wa mji uleule, Gennady Timoshchenko, waliing'ang'ania. Hawakusema shimo la d5 halipo. Swali lao lilikuwa tofauti: mwenye nyeupe amelipa nini ili alipate hilo shimo? Ukihesabu utashangaa. Baada ya askofu wa nyeupe kwenda g5 na nyeusi kusukuma a6, farasi wa b5 anakimbilia a3. Farasi huyo mmoja ametumia hatua 4: f3, d4, b5, a3. Na baada ya safari yote hiyo amekaa ukingoni mwa ubao. Nyeusi anaongeza b5, sasa farasi hawezi kupita c4, na kuna tishio la b4 la kuwashika farasi wawili kwa askari mmoja. Nyeupe analazimika kufanya uamuzi papo hapo: ama farasi wa c3 aende d5, ama amle kwanza farasi wa f6 na kumpa nyeusi maaskofu wawili pamoja na askari wawili waliopandana kwenye mstari wa f. Askari hao wanaonekana vibaya, lakini mmoja wao anasukumwa f5 mara moja kuipiga e4.

Hapo ndipo ushauri wangu wa kwanza unapotoka. Chukua karatasi, andika ufunguzi wako juu, chini yake andika sentensi mbili: nimetoa nini, nimepata nini. Kwa ufunguzi wa Sveshnikov mimi nimeandika: nimetoa d5, nimepata wakati, na farasi wa a3 ni mzigo wake. Kama huwezi kuziandika sentensi hizo mbili, achana na hatua ya kumi na nane kwanza.

Sentensi hizo zinaonekana za kitoto, lakini ndizo zinazokuokoa mbele ya ubao, saa ikikatika na kumbukumbu imeisha. Nikupe mfano. Kwenye shindano moja la wikiendi nilikutana na jamaa ambaye alimweka farasi wake d5 kwa kishindo, akabonyeza saa, akanyanyuka kwenda kuchukua chai. Ungedhani kazi imekwisha. Nikamtoa askofu e7, akaja akamla farasi wangu wa f6, nikamla kwa askofu. Akacheza c3 ili yule farasi wa ukingoni apate njia ya kurudi c2. Kuanzia hapo sikuwa na nadharia yoyote kichwani, nilikuwa na ile karatasi tu. Askofu wangu wa f6 amezibwa na askari wangu mwenyewe wa e5, basi nikamtoa g5 akapate hewa. Farasi wangu wa c6 hana kazi kama d5 inakaliwa na mwingine, basi nikampeleka e7 kumwambia mwenzake: tubadilishane. Akakubali. Farasi wake wa pili akapitia e3 akaingia d5 na yeye, nikamla kwa askofu wa miraba myeupe. Akalazimika kula kwa askari wa e4.

Sasa tazama d5. Shimo limezibwa, tena kwa askari wake mwenyewe. Hakuna kete yake inayoweza kukaa pale tena. Nami nina askari e5 na f, wanasonga kuelekea kwa mfalme wake. Chai ilipoa bila kunywewa, naye akawa anatafuta kalamu chini ya meza.

Wachezaji wakubwa wanaujua mtego huu kuliko mimi, na wengine huuchagua wenyewe kwa makusudi. Mwaka 2018 jijini London, Fabiano Caruana aligombea taji la dunia dhidi ya Magnus Carlsen, bingwa wa wakati ule, na Carlsen akatumia Sisiliani hii hii. Kwenye michezo yake ya mwanzo akiwa na nyeupe, Caruana aliikwepa kabisa kwa kumtoa askofu b5 hatua ya tatu, kabla ya kusukuma d4. Nusu ya pili ya pambano akaikubali, lakini akamrukisha farasi d5 mapema, hatua ya saba, akijua kabisa kwamba askari wa e ndiye atakayeishia hapo. Hesabu yake ilikuwa nyingine: upande wa malkia ana askari watatu dhidi ya wawili, aende nao. Mchezo wa nane alipata nafasi nzuri sana, ikamponyoka. Mchezo wa kumi na mbili mambo yakageuka, nyeusi akawa ndiye bora, halafu Carlsen akashangaza watu kwa kuomba sare. Michezo yote 12 iliisha sare, na Carlsen akashinda ile michezo ya haraka ya kuamua mshindi 3–0.

Kabla ya hapo Kramnik, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia, aliitegemea sana miaka ya tisini, Kasparov, naye bingwa wa dunia, akaichukua mwishoni mwa safari yake, na Gelfand akaicheza dhidi ya bingwa Anand walipogombea taji mjini Moscow mwaka 2012. Na pale kitabu cha Sveshnikov kilipotoka kwa Kiingereza mwaka 1989, jalada lilikuwa na jina la Pelikan! Mtu ameutetea ufunguzi miaka yote hiyo, halafu hata kwenye kitabu chake mwenyewe jina linakuwa la mwingine.

Jambo la pili ninalowaambia vijana huwa wanalipinga: usiogope mpinzani akijua utacheza nini. Kila aliyekaa mbele ya Sveshnikov akiwa na nyeupe alijua e5 inakuja. Walikuwa na muda wa kujiandaa usiku kucha. Yeye hakubadilisha. Faida yake ni kwamba mpinzani anajiandaa kwa usiku mmoja, wewe umekuwa humo miaka. Klabuni kwetu kuna watu wanaobadilisha ufunguzi kila wakifungwa. Leo Sisiliani, mwezi ujao Caro-Kann, baadaye Mfaransa (funguzi nyingine za nyeusi), na kote huko wanabaki wageni. Ukifungwa, ubaki papo hapo. Cheza tena ufunguzi uleule, hata kwenye michezo ya dakika tatu, uone ni wapi palipokuuma.

Ila si kila ufunguzi unafaa kung'ang'aniwa na mtu mwenye kazi na familia. Linganisha na Lev Polugaevsky, naye ni bwana mkubwa wa funguzi aliyezaliwa Mogilev mwaka 1934. Yeye ana tawi lake ndani ya Najdorf, aina nyingine ya Sisiliani: nyeupe ametoa askofu g5 na kusukuma f4, nyeusi anajibu b5 kana kwamba hajaona chochote. Nyeupe anasukuma e5 na moto unawaka. Ni ufunguzi wa hatua moja moja. Ukikosea moja mchezo umekwisha. Polugaevsky aliufanyia kazi miaka na miaka, na alikuwa mtu wa maandalizi hasa: mwaka 1969 alimfunga Mikhail Tal kwenye ubingwa wa Kisovyeti kwa mchezo ambao sehemu yake kubwa ilishaandaliwa nyumbani. Mwaka 1994 mjini Buenos Aires yalifanyika mashindano ya kumuenzi, kila mchezo ukiwa ni Sisiliani ya wazi, ile ambayo nyeupe husukuma d4 mapema. Mwenyewe alikuwa mgonjwa, hakuweza kucheza. Alifariki Paris mwaka uliofuata.

Namheshimu sana Polugaevsky, lakini tawi lake simshauri mtu anayetoka kazini saa kumi na mbili jioni. Linadai kumbukumbu. La Sveshnikov lina matawi marefu pia, nisikudanganye, lakini ukipotea njiani bado unajua unakwenda wapi: pigania d5, badilishana farasi, sukuma f5. Hicho ndicho kipimo changu cha kuchagua. Jiulize, nikisahau kila kitu baada ya hatua ya kumi, nitakuwa na la kufanya?

Kuhusu injini, programu za kompyuta zinazopima hatua, niseme kwa kifupi. Programu za bure zipo, na zitakuambia nyeusi yuko salama kabisa baada ya e5. Hilo Sveshnikov alilisema kabla hazijazaliwa. Usiiwashe kabla hujaandika mwenyewe, kwa maneno, ni hatua ipi iliyokusumbua na kwa nini. Ukianza na injini utapata jibu la swali ambalo hukuwa nalo.

Jambo jingine ambalo watu hawaambiwi mapema: ukijifunza ufunguzi huu, kwa muda mrefu hutaucheza. Wapinzani wa ngazi zetu hawaingii kwenye njia kuu. Wanatoa askofu b5 kama Caruana, au wanacheza c3 hatua ya pili ili wajenge askari e4 na d4 kwa pamoja. Kwa hiyo anza kusoma na hizo, kwa sababu ndizo utakazokutana nazo Jumamosi. Na hiyo c3, unajua mtaalamu wake mkubwa alikuwa nani? Sveshnikov huyohuyo. Akiwa na nyeupe alikataa kabisa kuingia kwenye Sisiliani ya wazi, akaicheza c3 maisha yake yote, na dhidi ya Mfaransa akasukuma e5 hatua ya tatu. Wengine waliona ni kigeugeu. Mimi naona ni mtu mmoja: pande zote mbili alitaka askari wake wakae katikati, na alikuwa tayari kulipia.

Baada ya Umoja wa Kisovyeti kuvunjika aliichezea Latvia na kuwa bingwa wa nchi hiyo zaidi ya mara moja. Mwaka 2017, akiwa na miaka 67, alichukua ubingwa wa dunia wa wazee wa zaidi ya miaka 65. Alifariki Agosti 2021.

Ukitaka pa kuanzia leo, tafuta mchezo wa nane na wa kumi na mbili wa London 2018. Ukifika hatua ya saba, pale farasi anaporuka d5, funika hatua zinazofuata kwa karatasi. Andika nyeupe ametoa nini na amepata nini. Halafu funua moja moja, na kila mara askari anaposogea, simama uandike tena.