Mchapaji si mchapishaji

Nilimaliza riwaya yangu ya kwanza nikiwa na miaka 23, nikabeba flashi hadi kwa mchapaji Kariakoo. Aliniuliza mambo mawili tu: nakala ngapi, na jalada liwe la rangi gani. Sikumlaumu hata baadaye. Mchapaji hupiga chapa alicholetewa. Mchapishaji ndiye anayesoma mswada, anauhariri, anaingiza fedha zake na kukitafutia kitabu soko. Mimi nililipia nakala 300 nikaamini nimechapishwa.

Nilikuwa nimeuza 60 hivi, kwa ndugu na marafiki, shangazi yangu aliponipigia simu. Ni mwalimu wa Kiswahili. "Mwanangu, huyu bibi uliyemzika sura ya nne, mbona sura ya tisa anafungua mlango?"

Siku hiyo nililia. Kisha nikaanza upya, na kazi hiyo ilinichukua miezi 14. Nilikuwa nikimsomea shangazi kwa sauti jioni, naye akiweka alama ya penseli kila alipochoka kusikiliza. Nakuomba sana, mtafute msomaji wa namna hiyo kabla hujatafuta fedha. Asiwe rafiki anayekupenda tu. Awe mtu anayependa vitabu kiasi cha kukukatalia.

Wachapishaji hujibu polepole, basi usikae bure. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ina kipengele cha riwaya. Iko pia Tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell ya Fasihi ya Kiafrika. Soma masharti ya kila tuzo kabla hujapiga chapa chochote, kwa sababu mswada ambao haujatoka una nafasi ambazo kitabu kilichokwisha kutoka huenda kisizipate.

Ukipewa mkataba, uliza mrabaha, yaani fungu lako kwa kila nakala inayouzwa, unakokotolewa kwenye bei ipi. Asilimia 10 ya kitabu cha shilingi 15,000 dukani ni 1,500. Duka likichukua asilimia 40 ya bei hiyo na mrabaha ukahesabiwa kwenye kinachobaki, unapata 900. Uliza pia haki zitarudi kwako lini kitabu kikiisha na kisirudiwe kuchapwa. Mimi niliuliza huku natetemeka, na nilijibiwa vizuri.

Nakala ya kwanza nilimpelekea shangazi. Alivaa miwani, akafungua moja kwa moja sura ya tisa.