Maswali ya Wasomaji: Kununua Shamba na Kulikata Viwanja

Swali: Nimepata shamba la ekari 10 na nataka kulikata viwanja vya mita 20 kwa 30. Dalali anasema vitatoka viwanja 67. Ni kweli?

Jibu: Si kweli, ndugu msomaji, na hesabu hiyo imewaumiza wengi. Ekari moja ni mita za mraba 4,047 hivi, kwa hiyo ekari 10 ni 40,470. Ukigawa kwa 600 unapata hizo 67, ila hapo umeuza hadi barabara. Kabla mchoro haujachorwa, tenga asilimia 30 kwa barabara, mitaro na eneo la wazi. Zitabaki mita za mraba 28,300 hivi, yaani viwanja 47. Kama bei ya shamba umeipigia hesabu ya viwanja 67, umeshapoteza viwanja 20 kabla ya kuuza hata kimoja.

Hata hivyo 47 vinategemea umbo la shamba. Pima upana. Barabara ya mita 9 yenye safu ya viwanja kila upande inahitaji 30 + 9 + 30, yaani mita 69. Shamba lenye upana wa mita 138 linameza safu nne bila kubakiza kitu. Lenye upana wa mita 100 linakuachia ukanda wa mita 31: viwanja vinaenea, lakini havina pa kutokea. Ukiuchongea barabara, kina cha viwanja kinabaki mita 22. Itabidi ugeuze barabara zielekee upande mwingine au ubadili vipimo, na hayo yafanyike kwenye karatasi, kabla hujatoa hata arbuni.

Angalia pia uso wa kiwanja, yaani upande unaotazama barabara. Kiwanja cha 20 kwa 30 kinabeba nusu ya barabara iliyo mbele yake: 20 × 4.5, mita za mraba 90. Cha 15 kwa 40 kina eneo lile lile la 600, lakini kinabeba 67.5 tu, na bomba na nyaya za mbele yake zinapungua kwa robo. Usipitilize, maana ukiacha mita 3 kila ubavu, uso wa mita 15 unabakiza mita 9 za nyumba.

Swali: Kabla ya kulipa, nikague nini?

Jibu: Anza masijala ya ardhi: jina la mwenye hati, rehani, zuio la mahakama, njia ya umeme au bomba kuu linalokatiza. Kisha hakikisha haki ya njia imeandikwa. Shamba linaweza kuonekana limegusa barabara, kumbe kati yake na barabara kuna kipande chembamba cha mtu mwingine, na huyo atataja bei anayotaka.

Baada ya hapo, maji. Nenda mvua ikinyesha uone yanakoingilia na yanakotokea, na mwombe mpimaji ramani ya kontua, yaani mistari inayoonyesha miinuko na mabonde. Pahali pasipo na bomba la maji taka, pima udongo: chimba shimo la sentimita 30 kwa 30, hadi kina ambacho maji taka yatakuwa yanazama. Lijaze maji, uache udongo unywe usiku kucha. Kesho yake jaza tena na upime kwa rula yanashuka kiasi gani kila nusu saa. Rudia sehemu kadhaa za shamba. Maji yasiposhuka, viwanja vidogo havitafaa hapo: ama uvipanue, ama ugharamie mfumo wa pamoja wa maji taka. Jambo hili watu hulipuuza mno, na anayekuja kuteseka ni mnunuzi aliyekwisha kujenga.

Swali: Shamba nalinunua kwa mkopo. Naweza kuuza kiwanja kimoja kimoja?

Jibu: Unaweza, mradi mkataba wa mkopo utamke kwamba kila kiwanja kikilipiwa kiasi fulani kinatolewa kwenye rehani. Bila kifungu hicho hati mama, yaani hati ya shamba zima, yote imefungwa, na mnunuzi aliyelipa kwa ukamilifu hapati hati yake mpaka umalize deni. Kifungu hicho kidaiwe kabla ya kusaini. Kata pia kwa awamu, ukianza na viwanja vilivyo karibu na barabara kuu, ambavyo havihitaji barabara ndefu ya ndani. Na katika bajeti, riba ihesabiwe tangu siku ya mkopo hadi hati zitoke, wala si hadi upimaji uishe.

Swali: Bikoni, zile alama za mipaka ya viwanja, zinang'olewa. Nifanyeje?

Jibu: Zisimikwe kwenye zege na mpimaji akukabidhi koordineti zake, yaani namba zinazoonyesha mahali hasa zilipo. Usizirudishe kwa kukisia. Ni yeye wa kuzirudisha. Siku ya kukabidhi, zunguka na mnunuzi bikoni zote nne, kisha msaini wote wawili kwamba mmeziona.